Nyota ya Tabu Iko Hospitali

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za siku nzima. Popote redio yako ilipo, jikoni, dukani, au ndani ya kichwa cha lori pale foleni, isogeze karibu. Leo tuna mtu wa kumkumbuka.

Tunamkumbuka Loisi Haonga. Mama Ferista. Mama lishe wa Tunduma, pale mpakani na Zambia, aliyepika miaka mingi karibu na maegesho ya malori. Loisi alifariki Jumatano iliyopita kwa ugonjwa wa presha, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Jumamosi amezikwa kwao Mbozi, pembeni ya shamba la kahawa la marehemu baba yake.

Wengine mlimjua kwa jina la Mama Nyota. Wengine mlimjua kwa jina jingine, na jina hilo tutalitaja, kwa sababu familia imeruhusu, tena imeomba. Mlimwita mchawi. Leo mtasikia jina hilo lilitoka wapi, na kwa nini yeye mwenyewe hakutaka livuliwe.

Tuanze na nyota.

Loisi alikuja Tunduma ameolewa. Mumewe, Osea, alikuwa fundi wa matairi. Osea alipofariki, Loisi alibaki na binti yake Ferista na sufuria za harusi. Akatafuta turubai, meza na mabenchi mawili, akaanza kupika. Chai asubuhi, ugali na maharage mchana na jioni. Wateja wake walikuwa madereva. Mnaoijua Tunduma mnajua, lori halivuki siku unayotaka wewe. Linangoja. Na dereva anayengoja anakula, anapiga soga, soga zinaisha, halafu anaanza kutazama juu.

Mmoja wao alikuwa Mzambia aliyeitwa Clever. Mrefu, mpole, mwenye simu yenye ramani ya mbingu nzima. Alimwita Loisi "Mayo", yaani mama kwa Kibemba, ingawa walikuwa rika moja. Jioni moja, jua ndio limezama, Clever akauliza, "Mayo, una miaka mingapi?"

"Unataka kuniposa?"

Mabenchi yote mawili yakacheka.

"Nataka nikupe nyota yako."

"Clever, mimi ningekuwa na nyota, ungenikuta hapa nakusongea ugali?"

Wakacheka zaidi. Maana kwetu, wasikilizaji wapendwa, nyota ni bahati. Mtu akifanikiwa, tunasema ana nyota. Akikwama, hana nyota, au nyota imefifia, au kuna mkono wa mtu umeifunga. Clever hakuwa na Kiswahili hicho. Yeye alikuwa anazungumzia nyota ya juu, hii inayoonekana.

Akamweleza. Mwanga nao husafiri, kama lori. Unaondoka kwenye nyota, unakaa barabarani miaka. Nyota ya karibu, miaka michache. Nyota ya mbali, miaka mingi sana. Sasa chukua umri wako. Tafuta nyota ambayo mwanga wake unakaa njiani miaka sawasawa na hiyo. Hiyo ndiyo yako. Mwanga unaouona leo uliondoka kule wakati wewe unazaliwa.

Clever akabonyeza simu, akanyoosha kidole kaskazini, chini kidogo, juu ya paa la stoo ya mahindi. Kulikuwa na nyota ya manjano, imetulia.

"Ile? Miaka yote hiyo ilikuwa njiani inakuja?"

"Inakuja, Mayo."

"Na haikukwama foleni?"

Ferista alikuwepo jioni hiyo, akiosha sahani. Anasema: "Nilimwona mama amesimama na mwiko mkononi, ugali unashika chini ya sufuria, yeye hana habari. Mama yangu hajawahi kuunguza ugali. Siku ile tulikula ukoko."

Tangu hapo Loisi hakuacha. Clever alimfundisha kila alipopita, na yeye akazishika kichwani. Ukimaliza kula, giza likiingia, anakuuliza, "Umezaliwa mwaka gani?" Unamjibu. Anainua mwiko na kukuonyesha. Wa miaka thelathini na saba alipewa ile ya rangi ya chungwa. Mzee wa sitini na tano alionyeshwa nyekundu ile inayofuata nyuma ya Kilimia, akavua kofia. Wengine aliwaambia ukweli, nyota yao ni hafifu, macho hayaifikii. Na kila mmoja alimwambia, "Mwakani siyo hii tena. Ukiongeza mwaka, unasogea kwenye ya mbali zaidi."

Madereva walilipenda jambo hilo. Walilibeba hadi Ndola, hadi Dar. Huko ndiko jina la Mama Nyota lilikotoka. Hapakuwa na dawa. Hapakuwa na malipo. Palikuwa na ugali, maharage, na mwiko ulioinuliwa juu.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye jioni yenyewe. Ni miaka sita iliyopita, mwezi wa sita, ule upepo wa baridi unaokausha midomo.

Jirani wa Loisi alikuwa Zuleha. Mumewe, Othmani, ni msafirishaji, familia ya kutoka Kigoma. Walikuwa na mtoto mmoja tu wakati huo, Tabu, binti wa miaka miwili. Zuleha alimpata baada ya mimba kadhaa kuharibika, ndiyo maana akamwita jina hilo. Jioni hiyo Zuleha alikuja kununua maharage, mtoto kiunoni. Madereva walikuwa wanaonyeshwa nyota zao, kicheko kimechangamka. Zuleha naye akatania.

"Mama Ferista, na huyu wangu je?"

Loisi akamtazama mtoto, akacheka. Akamfinya shavu.

"Huyu? Huyu bado hana nyota."

Lilikuwa jibu sahihi. Nyota ya karibu kabisa tunayoiona kwa macho, mwanga wake hukaa njiani zaidi ya miaka minne. Mtoto wa miaka miwili, mwanga wa kuzaliwa kwake bado uko barabarani. Hana nyota kwa sababu haijamfikia. Loisi alifungua mdomo amalizie hivyo, na hapohapo lori lililokuwa nyuma ya turubai likapiga honi, ile honi ndefu ya kuomba nafasi. Mwanga, miaka minne, vyote vikamezwa na honi. Zuleha alisikia maneno matatu tu. Bado hana nyota.

Loisi aliona tabasamu la jirani yake likikatika. Akajisemea atamfuata kesho amweleze vizuri. Kesho ilikuwa na wateja wengi. Keshokutwa pia.

Kisha Tabu akashikwa na homa.

Ilianza kidogo. Mtoto akakataa uji. Halafu mwili ukawaka, macho yakageuka, mikono ikakakamaa. Ndani ya nyumba ile alikuwepo mama yake Othmani, bibi wa mtoto. Zuleha akamweleza yale maneno ya jioni. Bibi akapiga paja.

"Kasema hivyo? Mbele za watu? Basi kamfunga."

Zuleha alitaka kumpeleka mtoto hospitali. Bibi akakataa. Mnaijua imani hiyo, haijaisha mitaani kwetu. Mtoto wa degedege asichomwe sindano, atakufa. Wakampigia Othmani, ambaye alikuwa foleni ya malori Kasumbalesa, mpaka wa Kongo. Simu inakatikakatika. Akasema, "Fanyeni anavyosema mama." Ikakatika.

Na siku hizo mtaa wa pili walikuwa wamepiga kambi lambalamba. Asiyewajua, hawa ni watu wanaopita vijijini na mitaani wakidai wanafichua wachawi. Serikali imewakataza, lakini huja. Kiongozi wao alikuwa kijana aitwaye Shadrack, miwani myeusi, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi. Bibi akamwita.

Mchana huo vijana walifika kwa Loisi. Hawakukaa, hawakuagiza chai.

"Mama Nyota, unaitwa kwa Mama Tabu."

"Kuna nini?"

"Utajua hukohuko. Tunakusubiri hapo barabarani."

Ferista akamvuta mama yake nyuma ya turubai. "Mama, tukimbie. Tuvuke Nakonde sasa hivi. Kuna mtu ana dumu la petroli, nimeliona."

Nakonde, wasikilizaji wapendwa, ni ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Zambia. Kwa miguu unafika, unajichanganya na watu wa sokoni, umepotea. Loisi alijua njia zote. Alijua na watu wa kumficha. Akavua aproni, akaikunja. Ferista akadhani wanaondoka.

"Mtoto yuko wapi?" Loisi akawauliza wale vijana.

"Nyumbani."

"Hajapelekwa hospitali?"

"Apelekwe vipi? Akichomwa sindano kabla nyota haijarudi, si anakufa?"

Ferista anasema uso wa mama yake ulibadilika. "Mpaka hapo alikuwa anajiogopea yeye. Aliposikia hilo, akaacha kujiogopea. Akatembea mbele yao. Wao ndio wakawa wanamfuata."

Uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Ambakisye, alikuwa amesimama katikati, shati limelowa jasho, simu sikioni, anaita polisi. Katikati ya uwanja, Zuleha amekaa kwenye mkeka na mtoto mapajani. Loisi alipita watu wote, akainama. Akashika kiganja cha Tabu na kukifungua. Kilikuwa cheupe kama unga wa sembe.

Loisi alishawahi kuzika mtoto, kabla ya Ferista. Kiganja hicho alikuwa anakijua.

"Mpelekeni hospitali," akasema. "Huyu damu imeisha."

"Usimguse!" Shadrack alikuwa ameshikilia mwiko wa Loisi. Mtu alikuwa ameuchukua kule mezani. "Huu ni wa nini?"

"Wa ugali."

"Muongo. Unauelekeza juu, unavuta nyota za watu."

"Mimi sijafunga nyota ya mtu. Nilisema mwanga wake bado..."

Hawakumwacha amalize. Safari hii hapakuwa na honi, palikuwa na sauti za watu. Rudisha! Rudisha nyota ya mtoto! Akajaribu tena. Akaanza na mwanga, akaanza na lori, akaanza na Clever. Kila alipoanza, walimzima. Pembeni, dumu lilikuwa limeshawekwa chini na kifuniko kimefunguliwa. Harufu ilifika.

Zuleha alituambia hivi: "Nilimwona ananitazama. Siyo mimi, alikuwa anamtazama mwanangu anavyopumua. Kisha akanyamaza. Mimi nikajua ameishiwa maneno. Kumbe alikuwa anachagua."

Naam. Alikuwa anachagua. Ukweli ulihitaji watu wakae wasikilize. Ulihitaji giza liingie, nyota itoke, mwiko uinuliwe. Tabu hakuwa na muda huo. Lakini uongo mmoja mfupi ungetosha. Na Loisi alijua vizuri, uongo huo ukishatoka mdomoni mwake hautarudi.

Akanyoosha mgongo.

"Haya. Nimeichukua mimi."

Kilisikika kilio cha Ferista peke yake, "Mama, hapana! Mama!"

"Iko wapi?" bibi akauliza.

"Nimeipeleka hospitali."

Shadrack akaruka. "Anadanganya! Nyota haifichwi hospitali!"

Loisi akamgeukia. "Aliyeificha ni wewe au ni mimi?"

Mtu mmoja akacheka kwa nyuma. Kicheko kikamtoka tu, hata yeye akashtuka.

"Na sindano?" Bibi alikuwa amesogea, sauti imeshuka. "Akichomwa je?"

"Bila sindano haitoki. Nimeifunga hivyo. Ichelewe kidogo, mimi mwenyewe sitaweza kuifungua."

"Kwanza nimchanje chale," Shadrack akasema, anatoa wembe.

Zuleha hakungoja. Alimbeba mtoto na kukimbia, khanga inaburuta, anaita bodaboda kwa sauti iliyopasuka. Wa kwanza akasimama. Zuleha akapanda bila kiatu. Wakaondoka.

Vijana wakamzunguka Loisi. Mmoja akasema, "Nyota isiporudi, na wewe huondoki hapa."

Basi akangoja. Walimkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, dumu miguuni pake. Mzee Ambakisye akaja kukaa chini, vumbini, karibu naye kabisa. Mwenyekiti mzima na suruali yake ya kazini. Kila kijana aliposogea, alisema, "Pita kwanza juu yangu." Ilisemekana polisi wako njiani. Njia ilikuwa na foleni ya malori.

Loisi aliomba maji, hakuna aliyempa. Mtu kunywa kikombe kimoja na mchawi, nani angethubutu? Ferista akaleta maji, wakamzuia. Jua likaanza kushuka. Simu ya bibi iliita, watu wote wakasimama. Ilikuwa ni mtu anauliza bei ya mchele. Wakakaa tena. Ambakisye akamnong'oneza, "Mama Ferista, akifa?"

"Akifa, mzee wangu, toka hapo ulipokaa. Petroli inaruka."

Jua limegusa paa, simu ikaita tena. Ilikuwa Zuleha. Bibi akaweka sauti ya nje.

"Ameongezewa damu," Zuleha alikuwa anasema. "Amechomwa sindano. Mama, amelia! Ameniita!"

Bibi akakaa chini kama gunia. Uwanja ukalipuka. "Ameirudisha! Ameirudisha!" Mtu akafunga dumu na kuondoka nalo kimyakimya. Shadrack na wenzake hawakuonekana tena. Polisi walipofika walikuta watu wanatawanyika.

Siku hiyo Loisi Haonga aliokoka. Siku hiyohiyo akawa mchawi. Maana alikuwa amekiri mwenyewe, mbele ya mtaa mzima, na nyota ilikuwa imerudi kama alivyosema.

Jina lile lilimgharimu, wasikilizaji wapendwa. Kwaya ya kanisani kwake ilimwomba apumzike kidogo, na kidogo hiyo haikuisha. Majirani waliacha kula kwake. Wakabaki madereva wa mbali, wasiojua, au wanaojua na kutojali. Na Ferista alikuwa ameposwa na kijana wa Vwawa aitwaye Deus. Shangazi yake Deus alikuja akakaa ukingoni mwa benchi. Hakunywa chai.

"Binti hana kosa," akasema. "Lakini sisi tunategemea wajukuu. Tutawaficha wapi, jamani?"

Posa ikavunjika. Ferista akamgeukia mama yake. "Nenda kaseme ukweli! Sema ulidanganya!"

"Nikisema, watasema nafuta mwenyewe nyayo zangu."

"Basi mimi naondoka."

Akaondoka. Akaenda Mkwajuni, akafungua genge la vyakula kwa wachimbaji dhahabu. Muda mrefu hakupiga simu. Leo hafichi hilo. Anasema, "Niliona mama amemwokoa mtoto wa watu, akaniuza mimi."

Alirudi siku moja kuchukua magodoro. Asubuhi, anakunja godoro, akasikia hodi. Mlangoni palikuwa na mwanamke asiyemjua, mtoto mgongoni, mkononi ameshika kuku. Mwanamke hakumtazama Loisi machoni.

"Mama, nimekuja unirudishie. Anawaka tangu juzi."

Loisi akakunja uso. Ferista anasema mama yake alitoa sauti nzito ambayo hajawahi kuisikia maishani.

"Nimeiweka hospitali. Ondoka na kuku wako. Ukichelewa, naihamisha."

Mwanamke alikimbia. Hakutembea, alikimbia. Loisi akafunga mlango, akaegemea.

"Mama," Ferista akasema, "unaigiza?"

"Nyamaza. Atasikia."

Ndivyo ilivyokuwa. Walikuja wengine. Kutoka mitaa ya Tunduma, kutoka vijiji vya njiani, mmoja alitoka Ikinga kule Ileje. Watu ambao wasingemsikiliza muuguzi, wasingemsikiliza mwenyekiti, wasingemsikiliza hata mume. Walimwogopa Loisi, wakaenda. Si wote waliopona, tusidanganyane. Lakini walifika. Ferista hakurudi Mkwajuni na yale magodoro. Aliyatandika palepale.

Zuleha naye hakutulia. Alipomleta Tabu kutoka hospitali, daktari alikuwa ameshamweleza ni malaria kali, imekula damu. Alijua. Mwishowe, siku chache baada ya yule mwanamke wa kuku, akamfuata Loisi mezani.

"Mama Ferista, mkutano wa mtaa nitasimama. Nitasema hukufanya kitu."

"Ukisema, yule wa juzi mwenye kuku, mwanawe akiugua tena atamkimbilia nani? Atarudi kwa Shadrack."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshazoea."

Zuleha anasema, "Hakuwa amezoea. Akija dukani kwangu alipita mlango wa nyuma, ili wateja wangu wasimwone na kuondoka. Mtu aliyezoea hapiti nyuma."

Lakini alinyamaza, kwa kuwa aliombwa. Miaka yote hiyo alinyamaza. Tabu sasa yuko shule, mzima, mbishi.

Wiki iliyopita Loisi alilalamika kichwa. Ferista alimpeleka hospitali upesi, naye akapokelewa vizuri, lakini presha ilikuwa imeshapanda mno. Jumatano asubuhi akafariki.

Msibani, Tunduma, kabla mwili haujapelekwa Mbozi, watu hawakuwa wengi. Madereva waliegesha pembeni wakashuka. Mzee Ambakisye alikuwepo, amekaa chini kama siku ile. Majirani walisimama ng'ambo ya barabara, wanatazama. Katikati ya hayo akaingia mwanamke kijana na mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande. Alikuwa anatoka mbali. Hakuwa amesikia. Alipoona turubai la msiba, akasimama.

"Amekufa?" akauliza. "Sasa wangu atarudishiwa na nani?"

Ndipo Zuleha akasimama kwenye mkeka, akajifunga khanga.

"Nyota yake iko hospitali," akasema. "Twende."

"Wewe unajuaje?"

"Nimeachiwa mimi."

Wasikilizaji wapendwa, mnajua maana ya neno hilo kwetu. Mchawi akifa, hudhaniwa kuna mtu anaachiwa. Zuleha alilisema mbele ya ng'ambo nzima ya barabara, mke wa mtu, mwenye duka. Akamshika yule dada mkono, wakapanda bodaboda. Mtoto yule amelazwa. Anaendelea vizuri.

Kesho yake Zuleha alikuja hapa studio na Ferista. Hakukaa. Alisema maneno haya, na ndiyo yaliyotufanya tuandae kipindi hiki:

"Jana usiku mama mkwe wangu hakula chakula nilichopika. Jana tu, siku moja. Yeye alibeba miaka sita. Mimi siliwezi hilo jina, na simtaki wa tatu wa kulibeba. Semeni ukweli redioni. Semeni Loisi hakuwa na kitu. Alikuwa na mwiko wa ugali."

Tumesema. Loisi Haonga hakuwa mchawi. Hakufunga nyota ya mtu, na hakurudisha nyota ya mtu. Alisema uongo mmoja ili mtoto wa jirani afike hospitali, kisha akaishi ndani ya uongo huo mpaka mwisho.

Pole sana, Ferista. Poleni ukoo wa Haonga, Mbozi. Pole Zuleha, na pole Othmani huko barabarani. Poleni madereva mliokula chakula cha mkono wa Loisi. Mungu amlaze pema.

Na sisi tuliobaki, tujiulize. Kwa nini watoto wetu walihitaji tumwogope mwanamke mmoja ndipo wapate dawa? Sasa hayupo. Hakuna wa kukukunjia uso mlangoni. Kama jioni hii unanisikiliza na mtoto hapo kitandani anachemka, na kuna mtu unamngoja kwanza aje, usimngoje.

Zima redio. Nenda.